Mashuka ya Bei Chee Dukani kwa Nanji

Jumamosi iliyopita mlirudi kutoka gulioni Ruangwa mkibishana kuanzia njiani mpaka uani kwangu: duka lipi limeshusha bei, duka lipi linanuka panya, nani kauziwa shati lenye mikono isiyolingana. Nilikuwa ndani nimelala, mgongo wangu mnaujua, nikacheka peke yangu. Mabishano hayo mimi niliyasikiliza miaka mingi nikiwa kazini. Nilikuwa nalipwa kwa kushona, lakini kusikiliza ndiko kulikonichosha zaidi. Basi leo kaeni niwasimulie kidogo, na atakayetaka kuondoka katikati aondoke taratibu asiangushe vyombo.

Nilikuwa fundi cherehani wa barazani. Siku hizi fundi ana chumba chake, ana kioo, ana picha za mitindo ukutani. Wakati wetu fundi alikaa kwenye baraza la duka la Mhindi. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, unampima, unakata, unamshonea. Mwenye duka anapata mteja na wewe unapata kivuli. Duka letu lilikuwa Nachingwea, na mwenyewe tulimwita Nanji. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye penseli sikioni, na wakinamama walimwita mwizi mbele ya macho yake kila siku ya Mungu, naye akajibu, "Ndiyo mama, lakini angalia nguo kwanza."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Chitanda, Mmakua wa upande wa Masasi, mzee wa maneno machache. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kukanyaga cherehani. Alinifundisha kunyamaza. Aliniambia hivi: "Hapa tumekaa kwenye baraza la mtu. Ukisema nguo mbaya, mwenye baraza atakufukuza. Ukisema nguo nzuri, mteja atarudi nayo ikiwa imechanika. Wakikuuliza, sema ni nguo." Nikadhani ananitania. Siku hiyohiyo mama mmoja alimwekea kanga mapajani akamwuliza, "Fundi, hii nzuri?" Chitanda akaigeuza upande huu na upande ule, akairudisha. "Ni nguo," akasema. Yule mama akaondoka ameridhika kabisa, sijui kwa nini.

Mimi nikaishika sheria hiyo kama nilivyoshika mkasi. Ndiyo maana mpaka leo mkiniuliza mambo ya siasa au ya posa za watu sina la kusema. Si busara, ni mazoea ya kazi.

Sasa mradi wa karanga wa Waingereza. Mmeusoma shuleni mistari michache. Mimi niliujua kwa vumbi lake, maana vumbi la matrekta liliingia mpaka kwenye mafuta ya cherehani. Nachingwea ilijaa watu wa kila kabila, malori, mahema, nyumba za mabati, na mishahara iliyowafanya vijana wavae kofia ndani ya nyumba. Halafu karanga zikagoma kuota walivyotaka wenyewe. Watu wakaanza kuondoka kidogokidogo, vitu vikabaki. Vitu hivyo vikauzwa kwa mnada, na Nanji akaenda mnadani na lori tupu akarudi nalo limejaa mpaka juu.

Asubuhi alipofungua milango, duka lilikuwa halina pa kukanyaga. Vijiko. Mablanketi. Kaki kwa marobota. Mabuti ya ngozi, mazuri sana, isipokuwa sanduku moja zima lilikuwa la mguu wa kushoto tu, nayo yalinunuliwa yote, sikuwahi kujua ni kwa matumizi gani. Na mikebe ya chakula ambayo mvua ilikuwa imebandua karatasi zake, haijulikani ndani kuna nini. Nanji akaiuza bei ya kutupa. Wakinamama wakabuni njia yao: unautikisa sikioni. Ukilia maji, hayo matunda, chukua. Ukinyamaza, hiyo nyama, na nyama ya Wazungu usiyoijua jina Mwislamu haichukui. Mama mmoja alipeleka nyumbani mkebe uliolia maji, akaufungua, akakuta vitu vyekundu vinaogelea katika maji mekundu. Aliutupa chooni na mkebe wake, akaja kutuambia Wazungu wanakula damu. Miaka mingi baadaye niliona zile mboga zinauzwa Lindi, ni kama viazi vyekundu tu vya kuchemsha. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa amekwishafariki na imani yake.

Duka lenyewe halikuwa la kusifia, na wakinamama hawakulisifia. Pipa la mafuta ya taa lilikaa ubavuni mwa gunia la sukari. "Sukari ya Nanji usiweke karibu na jiko," walikuwa wanaambiana, "itawaka." Paka alilala kwenye magunia ya unga kwa ajili ya panya, kisha wakalalamika kuwa unga una manyoya. Ruangwa kulikuwa na duka lililofagiliwa vizuri, lina hata benchi la kukalia wateja, lakini la huko walisema yadi yake imekatwa mkia, ukipima nyumbani unakosa nguo ya kufunika goti. Kwa hiyo mtu alichagua mwenyewe: usafi au kipimo. Kupata vyote viwili lilikuwa jambo la kusimulia.

Mwenyekiti wa mabishano hayo yote, kama ningeruhusiwa kumpa cheo, alikuwa Siwema. Alizaliwa Nkowe, akaolewa Nachingwea, na dada yake alikaa Ruangwa, kwa hiyo bei za pande zote mbili alikuwa nazo kichwani. Mwanamke mfupi, mweusi, mwenye pengo la meno ya mbele ambalo halikumzuia kitu. Siwema hakununua nguo kabla ya kuiuma. Aliingiza pindo mdomoni, akalitafuna kidogo, akalivuta kwa mikono miwili, halafu akatema pembeni na kutoa hukumu. Lazima niwaeleze sababu, kwa kuwa hiyo ni elimu hata leo. Nguo dhaifu, hasa merikani, ile pamba isiyopaushwa, hutiwa wanga kiwandani ili ionekane nzito. Ukiikamata dukani unadhani umeshika turubai, ukiifua mara moja unabaki na chandarua. Wengine huisugua kwa vidole mpaka unga udondoke, wengine huinyoosha juani waone matundu. Siwema aliuonja. "Nanji," alikuwa anasema, "hii merikani yako ukiikoroga unapata uji." Na wote waliokuwa wakisubiri nyuma yake waliacha ile nguo palepale.

Nanji alimwogopa, na alimhitaji. Kitu ambacho Siwema hakukitema kiliuzwa kikaisha kabla ya adhuhuri.

Ile kaki ya mnadani Siwema aliiuma akasema haina wanga. Ikagombaniwa. Lakini kaki ina tabia nyingine ambayo haionjeki: inaingia, ikilowa inapungua. Chitanda alikuwa na pipa nyuma ya duka, kila kaki ilikwenda majini usiku mzima kabla ya mkasi kuigusa. Akaja mnyapara mmoja wa barabara, mtu mkubwa mwenye filimbi shingoni, anataka suruali yake jioni ileile aivae Idi. Chitanda akamwambia nguo haijaoga. Mnyapara akasema yeye ndiye atakayeoga, nguo ishonwe. Basi Chitanda akashona, suruali ikamkaa vizuri mno. Mvua ya kwanza ilimkuta barabarani. Alirudi kwetu suruali imefika katikati ya miguu, ametutolea macho, anataka maelezo. Chitanda akaishika upindo, akaitazama kwa heshima yote. "Ni nguo," akasema. Mimi niliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imedondoka.

Mwishoni mwa shehena ile, chini kabisa, yalikuwa yamebaki marobota ya mashuka meupe ya vitandani, mapya, yaliyokuwa yameletwa kwa ajili ya wafanyakazi ambao hawakufika. Kila shuka lilikuwa na pindo lililoshonwa pande zote, na kwenye kona moja muhuri wa wino mweusi wenye herufi za mradi. Nanji aliyatangaza kwa bei chee kuliko merikani. Hayakutoka. Watu wa kwetu wengi tulilalia jamvi au kitanda cha kamba, shuka jeupe la nini? Linaonyesha kila kitu.

Siku moja ya gulio, wakati ufuta umeshavunwa, akaja Bi Tabu wa Nambambo. Sikuwa namjua kabla ya hapo. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, amejifunga kaniki iliyopauka, ametoka kuuza ufuta wake. Akapita katikati ya wateja mpaka mbele ya Nanji, akaweka mkono juu ya mashuka.

"Haya bei gani?"

Nanji akamtajia, na penseli yake tayari mkononi, maana bei ya kwanza haikuwa bei, ilikuwa salamu. Bi Tabu akafungua ncha ya kaniki yake akaanza kutoa hela.

Siwema alikuwa pembeni anauma blanketi. Akalitoa mdomoni.

"Bibi, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nanunua."

"Unanunua bila kuomba kupunguziwa? Bibi yangu, unatuharibia soko. Leo ukilipa hivyo, kesho huyu mwizi atatwambia mbona bibi wa Nambambo alilipa. Mwambie apunguze nusu kwanza, ndipo mzungumze."

"Ndiyo mama," akasema Nanji kwa sauti ndogo.

Bi Tabu hakugeuka. "Hii sipunguziwi," akasema. "Ni ya kuzikiwa."

Nyinyi huenda hamjui, kwa hiyo nasimama hapo kidogo. Kwetu nguo ya maiti haikuombewa punguzo. Mtu akiingia dukani kwa ajili ya msiba alisema taratibu, "nataka nguo ya msiba," mwenye duka akamtajia bei ya haki mara moja, akapima, akaongeza mkono mmoja juu yake, mtu akaondoka. Hata Nanji aliyekuja kutoka mbali aliijua desturi hiyo na kuifuata. Siwema alikuwa amemkemea mtu kwa kutoomba punguzo la sanda. Nilimwona anavyotafuta pa kuweka macho.

"Nani amekufa, bibi?" akauliza.

"Hajafa bado. Ni yangu mimi." Ndipo Bi Tabu akageuka, akatueleza sote bila haraka, kama mtu anayeelekeza njia. "Wakati wa vita nguo zilipokosekana, mume wangu nilimzika kwa jamvi. Jamvi tulilokuwa tunalalia. Mpaka leo nikifagia chumbani naona pale lilipokuwa. Mimi sitaki jamvi. Na sina mtoto karibu, mwanangu alipanda lori la mradi akaenda zake. Nataka nguo yangu ikae sandukuni, siku ikifika wafungue, wachukue."

Halafu maoni yakaanza, kwa sababu wateja ni wateja. Mmoja akasema shuka la Mzungu haliwezi kuwa sanda. Mwingine akasema nguo haina dini, ni pamba. Wa tatu akasema tatizo ni pindo, sanda haishonwi, na hili limeshonwa pande nne. Wa nne akaonyesha muhuri: "Utafika mbele ya Mungu na chapa ya karanga?" Mwalimu wa madrasa alikuwa anapita barabarani, wakamwita aamue. Akasikiliza akiwa amesimama kwenye jua. "Pindo si shati," akasema. "Lakini kama moyo wa mwenyewe unasita, lifumueni, msigombane." Akaendelea na safari yake.

Siwema akanyoosha mkono. "Nipe nione." Akaliingiza shuka mdomoni. Alilitafuna muda mrefu kuliko nguo yoyote niliyowahi kumwona akitafuna. Mwisho akalitoa, hakutema.

"Halina wanga," akasema. "Pamba tupu. Chukua mawili, bibi, sanda ya mwanamke ina vipande vingi."

Bi Tabu akachukua mawili, akatoka nayo barazani, akayaweka mbele ya Chitanda. Chitanda akayasukuma kwangu. "Wewe una macho," akasema. Kwa hiyo mimi, niliyejifunza kazi ili nishone, nikakaa alasiri nzima nikifumua.

Kufumua ni kazi, msidharau. Ukivuta uzi kwa nguvu unararua nguo. Unachukua wembe, unakata mshono upande mmoja, unaruka mishono michache, unakata tena, hivyohivyo mpaka mwisho. Kisha unageuza, unashika uzi wa upande wa pili, unauvuta, nao unatoka wote mzima, mrefu, taratibu. Matundu ya sindano yanabaki. Unalowanisha kidole, unayasugua kwa ukucha, kisha pasi ya mkaa isiyo kali. Yanajifunga. Ukimaliza, hata aliyelishona hawezi kujua palipokuwa na pindo.

Nilimwuliza Bi Tabu kuhusu muhuri, kama niikate ile kona. Akafikiri. "Utapunguza urefu. Waweke kona hiyo miguuni. Malaika wakiuliza, nitawaambia nilinunua, sikuiba." Wakinamama wakacheka, na Siwema ndiye aliyecheka zaidi. Kisha Bi Tabu akaomba uzi nilioutoa. Alikuwa ameununua pamoja na shuka, akasema, sasa niuache wa nini? Akauzungusha kijitini. Kwa kawaida kazi ya sanda fundi hatozi, na Chitanda alimwambia hivyo. Bi Tabu akaweka kibaba cha ufuta juu ya cherehani akaondoka kabla hatujakataa.

Nilidhani habari yake imeishia hapo. Msimu uliofuata akaja tena na ufuta wake, akaweka mkono juu ya mashuka yaleyale, ambayo bado yalikuwapo.

"Yale mengine yameliwa na panya?" Siwema akauliza.

"Yamezikwa."

Kulikuwa na mtu wa mbali, mmoja wa wale walioachwa na mradi, hana nauli wala ndugu, aliugua akalazwa kwenye kibanda Nambambo. Hakuna aliyejua hata kwao ni wapi. Alipofariki, kijiji hakikuwa na nguo. "Walikuwa wameshakunjua jamvi," Bi Tabu akasema. "Ningefanyaje?"

Siwema akamgombeza kama mtoto wake. Sanda ya mtu haiazimwi, akamwambia, hairudi. Bi Tabu akasikiliza mpaka mwisho, akanunua mawili, nikafumua. Mwaka mwingine akaja tena. Safari hiyo sanda ilimwendea mwanamke aliyekufa kwa uzazi, mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge. "Bibi," Siwema akamwuliza, "wewe umefungua duka la sanda? Mbona hutozi?" Lakini niliona alipomshika mkono akamkalisha kwenye kiti changu, akamchotea maji. Nami nikafumua nimesimama.

Nilipelekwa Ruangwa katikati ya miaka hiyo. Nachingwea ilikuwa imeanza kupungua watu, Nanji akafungua kijiduka Ruangwa, akaniweka kwenye baraza lake kwa msimu mmoja. Shehena ni moja, bei ni moja, lori ni lilelile. Lakini nilisikia kwa masikio yangu watu wa Ruangwa wakiambizana kuwa kwa Nanji wa Nachingwea vitu ni rahisi zaidi, na mtu anakwea lori siku nzima kwenda kununua blanketi lililokuwa nyuma ya mgongo wangu. Waliporudi walisema kweli, ni rahisi, ila duka chafu. Nilikaribia kusema kitu. Nikakumbuka nimekaa kwenye baraza la mtu.

Niliporudi Nachingwea, Chitanda alikuwa ameshakwenda kwao, macho yamemchoka. Cherehani ya pembeni ikawa yangu. Mashuka yalikuwa yamekwisha, hata muhuri wake watu walikuwa wameanza kuusahau. Siwema alikuwepo, na pengo lake lilikuwa limeongezeka jino, kwa hiyo sasa aliuma kwa ubavu.

Ilikuwa kipindi cha mvua, duka limejaa kwa sababu ya mvua kuliko kwa sababu ya kununua. Siwema alikuwa na kaniki mdomoni, anamweleza Nanji kuwa Ruangwa kaniki kama ile wanafungia mizigo. Akaingia kijana wa Nambambo, ameloa, ameegemeza baiskeli kwenye nguzo yangu. Akasalimu. Akasema Bi Tabu amefariki alfajiri.

Wakinamama wakasema inna lillahi. Mmoja akasema, ahsante Mungu, yule ameshajiandaa, nguo yake ipo.

"Haipo," kijana akasema. "Tumefungua sanduku. Wiki iliyopita alimpa jirani yetu, mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Alikuwa anasubiri ufuta ukauke aje kununua nyingine." Akapangusa uso. "Nimetumwa niulize kama kuna mtu anaweza kuchangia. Mvua hii, watu hawana kitu. Nyumbani wameshakunjua jamvi."

Niliumia. Nasema wazi, ingawa wakati ule uso wangu haukuonyesha, maana ulikuwa umefundishwa. Niliona mapindo yote niliyoyafumua kwa wembe, na kwamba hakuna hata moja lililokuwa lake.

Siwema akaitoa kaniki mdomoni, akaiweka.

"Nanji, shusha bafta."

Nanji akashusha robota la chini la pamba hiyo nyeupe ya sanda, lile alilozoea kumwonyesha yeye, la watu wa kubishana.

"Ya juu," Siwema akasema. "Ile ya juu kabisa."

Nanji akapanda kwenye sanduku akaishusha bafta ya juu, ile iliyofungwa kwa karatasi ya buluu, ambayo ilikaa pale tangu nifike bila mtu kuiulizia. Akaitandaza kwenye kaunta na kuanza kupima. Siku zote Nanji akipima, Siwema aliweka kidole mwisho wa ubao wa yadi ili usiteleze. Safari hii alikuwa anatazama barabarani, maji yanavyopita. Nanji akamaliza, akaongeza mkono mmoja. Akataja bei. Nilisubiri, na nadhani hata Nanji alisubiri kwa mazoea. Hakuna aliyeomba apunguze. Siwema akafungua ncha ya kanga yake, akaweka alichokuwa nacho. Hakikutosha. Mwanamke wa nyuma yake akafungua ncha ya kanga yake, na mwingine, na yule aliyewahi kuuliza kuhusu chapa ya karanga. Wanawake wale niliowasikia wakigombania bei ya sindano walikuwa wanapanga hela kwenye kaunta kwa zamu, na duka zima lilikuwa na sauti ya mvua juu ya mabati peke yake.

Nilisimama kupokea furushi kwa ajili ya kijana. Bafta haikuwa na pindo la kufumua. Hapakuwa na kazi ya fundi. Nikafunika cherehani kwa gunia, tukaenda sote Nambambo kwa miguu katika matope, wanawake mbele, wanaume nyuma.

Wao waliingia ndani kumwosha na kumvika, sisi tukachimba. Alizikwa saa kumi, mvua imekatika. Jamvi lilikuwa bado limekunjuliwa uani, watu wakalikalia.

Wakati wa kurudi Siwema alichelewa nyuma mpaka akawa sambamba nami. Alikuwa amevua viatu, ameviweka kichwani.

"Fundi," akaniambia, "ile bafta ilikuwa nzuri? Mimi sikuitazama."

Chitanda angejua la kujibu, na mimi nilikuwa nalijua pia, nilikuwa nimelijibu kwa miaka yote ile. Lakini Nanji alipokuwa anakata, nilikuwa nimeishika ile ncha kati ya vidole, nikaisugua, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nzuri," nikamwambia. "Haina wanga hata kidogo."

"Basi," akasema Siwema.